Zamu ya Upande Mchafu

Vijana wangu,

Mwezi uliopita mlinialika kwenye mkutano wa chama chenu hapa Fisksätra, pembeni mwa Stockholm, mkanikalisha mbele kama bwana harusi. Neema, katibu wenu, ambaye majuzi amepandishwa kazini akawa msimamizi wa zamu, akaniuliza swali: "Mzee Rajabu, wewe umesimamia watu miaka mingi. Kiongozi anayefaa wakati wa shida ni mtu wa namna gani?" Mimi nikawachekesha. Nikawasimulia habari ya meno ya bandia tuliyokuwa tukiyaokota ndani ya mashuka ya hospitali, mkacheka mpaka wengine mkafuta machozi, tukala sambusa, tukaagana. Kutoka pale ukumbini hadi kwangu ni dakika tano tu, lakini kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshaona haya. Binti wa watu kaniuliza swali la kweli, maana ana watu kumi na wanne wanaomtazama kila Jumatatu asubuhi, nami nikampa meno ya bandia.

Basi ninaandika. Naandika kama ninavyozungumza, nikiruka huku na kule. Mtanivumilia.

Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, pembezoni mwa Södertälje, mji wa kusini mwa Stockholm. Nilikuja kutoka Morogoro, kijana wa kiwanda cha nguo, nimetumwa kujifunza ufundi wa mashine kwa miezi tisa. Miezi tisa hiyo haijaisha mpaka leo. Watu wakisikia nimekuwa dobi maisha yangu yote huinamisha macho kwa huruma. Wasinihurumie. Daktari bingwa akikosekana, wagonjwa wataambiwa wasubiri. Mashuka safi yakikosekana, hakuna wa kumwambia asubiri, kitanda hakilaliki.

Kiwanda kilikuwa na sehemu mbili, katikati ukuta. Upande mmoja tuliuita upande mchafu. Huko malori yanashusha mifuko, watu wanaifungua na kuchambua, mashuka huku, sare za wauguzi kule, taulo pale, kisha mzigo unapanda kwenye mkanda na kuingia mashineni. Mashine zenyewe zimejengwa ndani ya ukuta na zina milango miwili. Nguo inaingia kwa mlango wa upande mchafu, inatokea kwa mlango wa upande safi, ambako inakaushwa, inapigwa pasi na kukunjwa. Nguo hupita ukutani, mtu hapiti. Ukitaka kuvuka unavua, unanawa, unavaa upya.

Aliyenifundisha upande mchafu ni Birgitta. Alikuwa msimamizi wetu, mama wa Kiswidi mrefu, mwenye harufu ya sigara na maneno machache. Alinifundisha kwamba shuka haikumbatiwi, inashikwa kwa ncha na kuvutwa taratibu. Haikung'utwi, maana kilichomo kitakurukia usoni. Na mkono haupelekwi mahali ambapo jicho halijafika. Hilo la mwisho nilijifanya nimelielewa. Mwaka wangu wa pili nikazamisha mkono ndani ya mfuko kwa haraka zangu, sindano ikaniingia hadi kwenye mfupa wa kidole.

Birgitta hakunigombeza. Alinishika mkono akauweka kwenye maji yanayotiririka, akanipakia kwenye gari lake, akanipeleka hospitali. Tukiwa tumekaa kungoja jina langu liitwe, akaniuliza, "Nani yuko nyumbani kwako?" Nikamwambia hakuna mtu. "Basi leo unakula kwangu," akasema. Nikala kwake, viazi na samaki, tumekaa kimya kama watu waliogombana. Hakujua la kunifariji na mimi sikujua la kushukuru. Vipimo vilitoka salama baadaye, lakini majuma yale ya kungoja yalikuwa marefu, na kila Ijumaa alinipikia.

Asubuhi ya kesho yake baada ya kuchomwa, toroli lililobeba mfuko ule wa sindano lilikuwa bado limesimama palepale. Kila mtu alilizunguka akichukua kazi nyingine. Birgitta alivaa glavu nene, akalivuta, akalichambua peke yake mpaka chini, shuka moja baada ya nyingine. Alipomaliza watu wakarudi kwenye meza zao. Wakati ule sikuona kuwa ni jambo kubwa. Nilimwona mama mkaidi tu, asiyependa kazi ilale.

Alipostaafu nikapewa nafasi yake. Siku hizo mambo yalikuwa yamebadilika. Tuliyokuwa tukiyahesabu kwa mdomo, moja, mbili, tatu, mpaka koo likauke, sasa yalihesabiwa na kidude kilichoshonewa kwenye upindo wa kila sare. Kompyuta ilijua sare ya muuguzi iko wapi kuliko sisi tulivyojua watoto wetu wako wapi. Na watu walikuwa wamebadilika pia. Waswidi wa zamani walistaafu, wakaja watu wa Kenya, Burundi, Kongo, Uganda, na kwetu. Nusu ya zamu yangu ilizungumza Kiswahili, kila mtu na chake. Wakenya walinicheka kwa kusema kama mwalimu wa shule, nami niliwacheka kwa kuyakata maneno vichwa na mikia. Meneja wetu, kijana wa Kiswidi mwenye adabu, alikuwa akiwaambia wageni, "Rajabu anawaelewa watu wake." Nilisimama pembeni nikitabasamu. Niliamini.

Bahati aliletwa kwangu miaka miwili kabla ya ugonjwa ule wa Korona. Alikuwa mtu wa Uvira, mashariki ya Kongo, amezidi miaka hamsini kidogo, mwembamba, shati lake limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kwao alikuwa akifundisha jiografia. Vita vikamtoa, akapita kambini, akafika huku, akaishi Hallonbergen. Kutoka huko kuja kwetu ni treni ya chini ya ardhi, halafu treni ya nje ya mji, halafu kutembea, na hakuchelewa hata siku moja. Aliniita "shefu", kama Wakongo wanavyoita mkubwa wa kazi, na kwa kuwa Waswidi nao wana neno lilelile, hata Waswidi walimwelewa. Alikuwa na binti mmoja, Furaha, aliyemtaja kila alipopata nafasi: Furaha amefaulu hesabu, Furaha anaogelea. Zaidi ya hapo hakusema mengi juu ya nyumba yake, nami sikumuuliza. Niliona ndiyo heshima.

Sasa Neema, sikiliza hapa. Katika kila kundi la kazi kuna mtu mmoja asiyekataa. Utamjua ndani ya wiki moja. Mashine imeziba, unamwita yeye. Mtu hajaja, yeye anabaki. Humwiti kwa kuwa ana nguvu kuliko wenzake. Unamwita kwa kuwa wengine watakuuliza kwa nini, na yeye atasema sawa. Kwangu mtu huyo alikuwa Bahati.

Korona ilipofika Stockholm, mizigo ilibadilika. Nguo za wagonjwa wale zilikuja ndani ya mifuko ya plastiki inayoyeyuka majini, ambayo haifunguliwi, inatupwa mashineni kama ilivyo. Hiyo ilikuwa afadhali. Lakini hospitali zilikuwa zimeelemewa, wauguzi wamechoka, na kila siku ilikuja mifuko ya kawaida ambayo ilipaswa kuwa ya namna ile. Unafungua, unakuta yaliyomo, na wewe ndiye umesimama mbele yake. Barakoa zilikuwa haba wiki za mwanzo, tulizopewa zilikuwa chache. Hakuna aliyejua kwa hakika kama nguo zinaambukiza au haziambukizi. Meneja alizungumza nasi kwenye skrini akiwa nyumbani kwake, nyuma yake rafu ya vitabu, akatushukuru kwa moyo wetu.

Watu wakaogopa upande mchafu. Wengine walikuja na cheti cha daktari, wengine waliniambia waziwazi, "Siendi." Dada mmoja wa Kenya alinipigia kelele mbele ya wote, nikamhamishia upande safi siku ileile ili anyamaze. Mimi mwenyewe nina kisukari. Meneja aliniagiza nisivuke ukuta, nami sikubishana naye. Nilikaa ofisini upande safi, nikiandika orodha: nani anakwenda mchafu, nani anabaki. Na kila Ijumaa nilipoanza orodha ya wiki inayofuata, jina la kwanza niliandika bila kufikiri. Bahati. Kisha ndipo nilishika kichwa na kuanza kuwaza wengine.

Wiki ya nne alikuja kwenye dirisha la ofisi yangu. Ilikuwa saa ya mapumziko ya asubuhi. Kofia yake ya kazi alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Shefu, naomba kitu kidogo."

"Sema, Bahati."

"Unaweza kunibadilisha? Nikae huku safi kidogo. Bibi yangu anasumbuka na kifua. Naogopa."

Mnajua kwetu bibi ni nani. Mama yake mama, au mama yake baba. Nilimwona kikongwe mmoja Uvira, amekaa kwenye mkeka, anakohoa, na mjukuu wake wa miaka hamsini yuko Ulaya hana usingizi. Nikamhurumia. Nikaona pia kwamba huruma hiyo hainilazimu kubadilisha orodha, kwa sababu Uvira ni mbali na mashuka yetu hayafiki huko. Haya yote yalipita kichwani mwangu kwa muda wa kumeza mate. Simu ilikuwa inalia, hospitali moja ilikuwa inauliza mzigo wake uko wapi.

Nikatabasamu. Nikamwambia, "Mabibi hao wana nguvu kuliko sisi, Bahati. Hao hawafi leo. Mpe pole sana. Nivumilie wiki hii moja tu, ijayo nitakuweka huku."

Alinitazama. Mtazamo ule nimeurudia mara nyingi, na kila nikiurudia naona kwamba alikuwa akingoja niseme neno jingine. Simu ililia tena. "Sawa, shefu," akasema, akavaa kofia yake.

Wiki ile ikaisha. Ijumaa watu wawili wakapiga simu kwamba wana homa. Nikaandika jina lake tena la kwanza, nikijiambia nitazungumza naye, na sikuzungumza naye. Katikati ya wiki ya pili akapiga simu, anakohoa, hawezi kuja. Nikamwambia apumzike. Nilikasirika kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu sasa nililazimika kutafuta mtu mwingine.

Baada ya siku kumi na tatu akapiga tena. Sauti ilikuwa yake lakini imekauka.

"Shefu. Bibi amekufa. Jana asubuhi."

Nikasema yote tunayoyasema. Pole sana, Mungu amlaze mahali pema, ameishi, amewalea. Kisha nikauliza, "Mmeshazika huko Uvira?"

Nilisikia treni inapita karibu na mahali alipokuwa.

"Uvira?" akasema. "Uvira ni kufanya nini tena? Esther iko hapa, hospitalini. Bibi yangu, shefu. Mama ya Furaha."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Kwa Wakongo wengi wa mashariki, bibi ni mke. Na ninyi msije mkasema mzee hakujua, maskini. Nilijua. Nimekula harusi zao pale Södertälje, nimesikia mchungaji akisema bwana na bibi yake, nikapiga makofi. Neno lile lilikuwa kichwani mwangu pamoja na maana zake zote mbili. Kama ningetulia kwa pumzi moja ningekumbuka, au ningeona ajabu mtu wa umri ule kuwa na bibi anayemwogopea kiasi kile. Lakini nilichagua maana iliyoniachia orodha yangu salama. Sikuichagua kwa makusudi. Niliichagua kwa haraka, na haraka ile ilijua inakotaka kwenda.

Mke wake alikuwa na ugonjwa wa mapafu tangu kambini. Aliugua siku chache baada ya mumewe, mumewe akapona, yeye akapelekwa hospitali na hakurudi. Hakuna daktari aliyesema ugonjwa ulitoka kwetu. Huenda ulitoka kwenye treni, huenda dukani. Siku zile ulikuwa kila mahali. Watu wamenifariji kwa maneno hayo na ni ya kweli, lakini hayanifikii, kwa sababu Bahati alikuja dirishani kwangu kabla, akasema anaogopa, nami nikamfanyia mzaha.

Pale kwenye simu nilipaswa kumwambia kwamba nilimwelewa vibaya. Nilisema mawasiliano yanakatika.

Mazishini hawakuruhusiwa watu wengi. Nilituma maua kwa jina la kiwanda, na kwenye kadi niliandika kwa Kiswidi, kwa mwandiko mzuri, neno la mke. Safari hii nililipata bila makosa.

Alirudi kazini baada ya majuma matano. Shati limefungwa hadi shingoni kama kawaida, ila shingo ilikuwa imepungua ndani yake. Nilikuwa nimeshampanga upande safi, kwenye mashine ya pasi, mahali pa joto na dirisha. Alisoma orodha ukutani, akaja ofisini.

"Shefu, unaweza kunirudisha kule."

"Hapana, Bahati. Kaa huku. Umepata shida."

"Nirudishe," akasema taratibu, kama mwalimu anayerudia somo. "Wengine wako na watu nyumbani. Mi sina tena wa kuogopea. Furaha iko na nguvu."

Nikamrudisha. Watu wa zamu waliona, na hata yule dada wa Kenya aliyenipigia kelele aliacha kula, akafunga chombo chake cha chakula, akatoka nje. Tangu siku ile Bahati ndiye aliyekuwa kiongozi wa zamu, mkitaka ukweli. Jina langu lilikuwa mlangoni, lakini watu walimfuata yeye. Akisema mfuko huu usifunguliwe, haukufunguliwa hata kama mimi nimesema ufunguliwe.

Majira ya baridi yaliyofuata ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Safari hii sikuandika orodha. Nilimwita kila mtu peke yake, mlango umefungwa, nikamuuliza lile nililoulizwa mimi miaka ile hospitalini nikiwa na kidole kinachovuja damu: nani yuko nyumbani kwako? Halafu nikakaa kimya mpaka nijibiwe. Ilinichukua siku mbili na meneja akalalamika. Nikagundua sikuwa najua kitu. Kijana mmoja niliyemdhania mvivu alikuwa akimwogesha baba yake aliyepooza kabla ya kuja kazini. Dada wa Burundi alikuwa mjamzito, hajamwambia mtu. Mama mmoja aliniambia anaupenda upande mchafu, kuna utulivu, hakuna anayemsemesha. Na kila nilipokuta neno ambalo lingeweza kuwa na maana mbili, niliuliza. Walinicheka. Walidhani mzee masikio yamekwisha.

Baada ya hapo nikavua, nikanawa, nikavaa, nikavuka ukuta. Meneja aliandika barua kwamba nimefanya hivyo kwa hiari yangu, na kisukari changu ni shauri langu. Msiniite shujaa. Mtu anayefika baada ya nyumba kuungua anabeba ndoo tu. Nilisimama meza moja na Bahati majira yote ya baridi. Mikono yangu ilikuwa imesahau kazi, nikawa nayavuta mashuka kifuani, naye akawa ananishika kiwiko na kukisukuma nje bila kusema. Wapo waliougua kwenye zamu yetu. Hakuna aliyekufa. Sijui kama ni kwa sababu ya lolote nililofanya.

Na bado sikumwambia. Kila asubuhi nilikwenda na maneno yamepangwa, na kila jioni nilirudi nayo. Nilijua kwamba anaamini nilimwelewa siku ile. Anaamini aliniambia kwamba mke wake anaumwa kifua, nami nikamjibu kwa tabasamu kwamba wake zetu wana nguvu kuliko sisi, hawafi leo. Alifanya kazi kando yangu huku akiamini hivyo, na aliendelea kunisukuma kiwiko ili nisidhurike.

Siku yangu ya mwisho walinitengenezea keki ya malai. Meneja alikuja mwenyewe, akanipa saa ya mkononi. Wote walisema neno. Zamu ya Bahati ilipofika alisema, "Tumefanya kazi pamoja," akakaa. Jioni tukaongozana kwenda kituoni kama siku nyingine. Kulikuwa na mvua ndogo, treni ilichelewa, tukasimama chini ya paa. Nikaona kwamba nikipanda treni ile nitazeeka nalo na kufa nalo.

"Bahati. Siku ile dirishani uliposema bibi, nilidhani unamsema bibi wa Uvira. Mama yake mama yako."

Aligeuka polepole. "Mama ya mama yangu? Ule alikufa mi nikiwa mutoto."

"Sikujua. Kwetu bibi ni huyo. Nilidhani ni kikongwe yuko mbali. Ndiyo maana nikasema vile."

Akatazama reli. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akishika nguzo, akicheka kwa kweli, mpaka mama mmoja wa Kiswidi akasogea kando. "Esther angecheka," akasema. "Alikuwa anawacheka, Watanzania. Anasema munaongea kama munasoma habari ku redio, lakini hamusikii mutu." Akacheka tena, halafu kicheko kikamgeuka usoni, akalia. Nilisimama karibu naye. Sikujua kama nina haki ya kumgusa, sikumgusa.

"Mwaka muzima," akasema alipotulia, "mi nilisema ndani ya roho, huyu mutu alinicheka na bibi yangu anakufa. Na nakuja kazi, nakusalimia."

"Ningekuwa wewe nisingenisalimia."

"Nilikuwa nahitaji kazi, shefu." Akajifuta uso na mkono wa koti. "Kwa hiyo hukujua."

"Sikujua."

"Lakini hukuuliza."

"Sikuuliza."

Treni ikaja, tukapanda. Tulipofika mjini, aliposimama kubadilisha treni, akaniambia, "Kuja Siku ya Mungu. Utamwambia Furaha wewe mwenyewe. Ye pia anajua ulinicheka."

Jumapili nikaenda Hallonbergen. Ghorofa ya sita, viatu vimepangwa mlangoni, chumba safi sana. Ukutani palikuwa na picha ya mama mnene kidogo, amevaa kitenge cha rangi ya machungwa, anamcheka anayempiga picha. Ndipo nikamwona Esther kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeamua juu ya maisha yake kutoka kwenye kiti changu, na sikuwa naujua uso wake.

Furaha alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Alileta chai, akaketi kando ya baba yake, mikono ndani ya mikono ya sweta. Nikamweleza yote kwa Kiswahili, tangu dirishani hadi kituoni, bila kujipunguzia. Alisikiliza macho yakiwa kwenye meza. Nilipomaliza aliniuliza kwa Kiswidi, lugha anayoiishi, kwa nini sikuuliza.

Nikaanza kumjibu. Nikasema malori yalikuwa mengi, simu zilikuwa zinalia, watu wawili walikuwa wameugua. Nikajisikia nikisema. Nikanyamaza.

"Bibi gani?" akasema Furaha, sasa kwa Kiswahili, akiyatoa maneno moja moja kama mtu anayevuka barabara yenye barafu. "Bibi gani. Ni maneno mbili tu."

Akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Mimi na baba yake tukabaki tumekaa. Baada ya muda Bahati akakisogeza kikombe changu karibu nami.

"Kunywa chai, shefu," akasema. "Inapoa."

Nikanywa.